Kisigino cha Kulia

Mwenyekiti wa klabu hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa karakana, akaingia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mikono ya Fundi.

Mnakumbuka tuliiacha mikono hiyo imeshika nini. Mmoja ulikuwa na daluga ya kulia ya Kengele, mshambuliaji anayeimbwa na mji mzima. Wa pili ulikuwa na kipande cha raba chenye unene wa penseli, kilichotoka ndani ya kisigino cha daluga hiyo. Watu wawili waliamini ni wao tu wanaojua kwamba kipande hicho kipo: Fundi aliyekichonga na Kengele anayekikanyaga.

Fundi akafanya lile lililomjia kwanza. Alikikalia.

"Mbona umeshtuka hivyo?" Mwenyekiti akauliza.

"Sindano imenichoma," Fundi akasema, akaanza kunyonya kidole kisicho na jeraha.

Wewe uliyelikosa gazeti la juma lililopita usihangaike, nitakupa kwa kifupi kabla Mwenyekiti hajapumua vizuri. Kengele wanamwita hivyo kwa sababu akipata mpira ndani ya kumi na nane, lazima ilie. Amemuoa binti pekee wa Fundi. Miezi kumi na minne iliyopita, wakati wa mapumziko ya ligi, alianguka na pikipiki ya kuazima, jambo ambalo mkataba wake unalikataza kwa herufi kubwa. Mguu wa kulia ukavunjika. Akaenda kufungwa plasta kwenye zahanati ya mbali ambako hakuna anayemfahamu, na klabu ikaambiwa kwamba ana msiba, kisha ana homa, kisha ana msiba mwingine.

Mfupa uliunga, lakini uliunga ovyo, na mguu ukabaki mfupi. Kengele akamwendea baba mkwe wake, uso ameuinamisha chini, na Fundi akakata kipande kutoka kwenye tairi kuukuu la lori. Msimu huu peke yake Kengele ameshafunga mabao kumi na tisa, na yote kumi na tisa yamesimama juu ya tairi la lori.

Na mkewe? Wanaume hao wawili walikubaliana asijue kitu. Binti wa Fundi ni muuguzi kwenye wodi ya mifupa, wakaona akijua atawaletea kelele. Mimi sisemi neno hapo, tuendelee.

Mwenyekiti alisema mambo yamegeuka. Wale wanunuzi wa Kengele waliotarajiwa Jumamosi wamefika leo asubuhi, tena wamekuja na daktari wao. Kikao cha kamati kitakuwa saa nne. Kengele atapimwa saa nane mchana, na akifaulu, karatasi zitasainiwa hapo hapo uwanjani.

"Kura ni tatu kwa tatu," akasema. "Ya saba ni yako, Fundi."

Katiba ya klabu humpa kiti kwenye kamati mfanyakazi aliyekaa muda mrefu kuliko wote. Fundi ameshona viatu kwenye karakana hiyo chini ya jukwaa kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka kumi ya mwisho amekuwa akihudhuria vikao na kusinzia kwa adabu. Hakuna aliyewahi kuihitaji kura yake. Leo Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele yake akivutavuta vikaratasi vilivyoning'inia kwenye viatu, kama mtu aliyekuja kununua.

Kila jozi rafuni ilikuwa na kikaratasi chake, jina la mchezaji na namba, kwa wino wa kijani. Mwandiko wa Fundi hausomeki hata na Fundi mwenyewe, kwa hiyo binti yake akitoka zamu hupitia hapo na kumwandikia kwa herufi za mviringo, na saba zake zote zina kamstari katikati. Na kila kiatu cha kulia kilikuwa na uzi mwekundu kwenye tundu la kwanza la kamba. Uzi huo ulifungwa na Fundi, na sababu yake mtaijua kabla jua halijazama.

"Tutakutana saa nne," Mwenyekiti akasema. "Na usilale."

Alipotoka, Fundi aliinuka, akakichukua kipande na kukitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Juzi Kengele alikuja karakanani, akafunga mlango na kupiga magoti kwenye vumbi la soli. Aliomba mawili. La kwanza, Baba apige kura auzwe. La pili, Baba akitie kile kipande ndani ya viatu vyovyote watakavyoleta wanunuzi, maana bila kipande atachechemea mbele ya daktari.

"Mguu huu umebakiza msimu mmoja, Baba," alisema. "Nikiuzwa sasa, mwanao atapata pa kuishi. Nisipouzwa, nitatundika daluga nikiwa bado ninalala chumba cha uani kwako."

Fundi alimjibu kwamba hajawahi kumuuzia mtu kiatu chenye msumari ndani, na hataanza na mkwe wake mwenyewe. Kengele aliinuka akajifuta magoti na kuondoka bila kuaga. Tangu hapo Fundi hajala akashiba.

Saa nne ilipofika, wajumbe saba walikuwa wameketi kwenye chumba cha mikutano, chini ya feni inayozunguka pale inapojisikia. Mwenyekiti alianza bila kuzunguka. Mkataba wa Kengele umebakiza miezi sita na siku moja. Kuanzia kesho, klabu yoyote inaruhusiwa kukaa naye, kumnunulia soda na kumsainisha, naye ataondoka mwisho wa msimu na klabu isiambulie hata kamba ya kiatu. Basi la timu liko juu ya mawe tangu mwaka jana. Wafanyakazi wana miezi minne hawajaona mshahara, na mwenye kiwanja ameshatuma barua ya tatu. Auzwe leo, au klabu ifungwe.

Kocha, mtu mfupi anayeongea taratibu mpaka unasogea kumsikia, alisema hesabu hiyo ameielewa, ila imesahau ligi. Timu imefunga mabao ishirini na sita, na kumi na tisa ni ya mtu mmoja. Akitoka katikati ya msimu, timu inashuka daraja, na timu iliyoshuka haina kiwanja wala basi wala mtu wa kuinunulia chochote. Aachwe acheze miezi yake sita, abebe timu, kisha aende salama. Hasara ya kumpoteza bure ni ya mara moja, alisema, lakini kushuka daraja kunaweza kuchukua miaka kumi.

"Mnauza mguu," Kocha akasema, "halafu mtaniomba mimi nitembee. Mguu ule una miaka mitano mbele yake."

Fundi alihisi kile kipande kikimchoma matakoni.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kila aliyesema alisema klabu, klabu, klabu. Fundi aliwasikiliza wote wakimgawa mkwe wake, huyu akimtaka kwa basi, yule akimtaka kwa ligi. Akanyoosha kidole na kuuliza kama kuna mtu amemuuliza mwenyewe.

"Mchezaji haulizwi," Mwenyekiti akasema. "Anaarifiwa."

Hapo ndipo Fundi alipokata shauri. Kama wote hao wanamtazama kijana wa watu kama bidhaa, basi na yeye atamtazama kama mwanawe. Ukweli wake wa miaka thelathini na moja hautamjengea binti yake nyumba. Alipoulizwa kura yake, alinyoosha mkono juu, upande wa kuuza, na Kocha akafunga daftari lake na kutoka bila kumtazama mtu.

Kura ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kipande.

Bahati ikamjia mlangoni, au niseme ilijifanya bahati. Mwenyekiti alimletea sanduku lenye daluga mpya za rangi ya chungwa, zawadi ya wanunuzi kwa ajili ya kipimo. Uwanja ni mkavu, Daktari anataka meno ya soli yawe mafupi, Fundi ayabadilishe upesi.

"Una dakika kumi na tano," akasema. "Daktari mwenyewe anazisubiri."

Fundi alikuwa anafungua sanduku wakati binti yake alipoingia, bado amevaa sare ya kazini, ametoka zamu ya asubuhi. Alimsalimia baba yake, akauliza amepiga kura gani. Fundi akamwambia. Binti hakufurahi wala hakununa. Alizitazama zile daluga mpya, akamtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Baba, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hakuna, mwanangu."

"Haya," binti akasema, akatoka kwenda uwanjani kumtazama mumewe.

Dakika kumi zilikuwa zimebaki. Fundi alibadilisha meno ya viatu vyote viwili kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu ujana. Kisha akainua soli ya ndani ya kimoja, akapaka gundi, akakipachika kipande kisiginoni, akarudisha soli na kukivalisha kiatu kwenye kile chuma chake cha miguu mitatu, soli juu, akakigongagonga ili gundi ishike. Jasho lilimdondoka mpaka kwenye ngozi ya kiatu. Nje aliitwa mara ya kwanza, kisha mara ya pili.

Hakufunga uzi mwekundu. Nani afunge uzi kwenye kiatu cha zawadi, tena mbele ya wageni? Akarudisha daluga sandukuni na kukimbia nazo.

Saa nane jua lilikuwa linawaka kama limelipwa. Pembeni ya uwanja waliweka meza ya plastiki na juu yake karatasi za mauzo, zimewekewa jiwe zisipeperuke. Daktari wa wanunuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mkimya, anayetazama miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Binti wa Fundi aliketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba, mikono juu ya magoti. Kocha naye alirudi, akasimama mbali.

Kengele alivaa daluga ya kulia, akafunga kamba. Akavaa ya kushoto, akasimama, na papo hapo akatulia. Aligeuza kichwa taratibu akamtafuta baba mkwe wake.

Fundi akadhani anashukuriwa. Akamwitikia kwa kichwa, kama kusema nimefanya, mwanangu, nenda.

Laiti angejua.

Daktari alipuliza filimbi. Kengele akatoka mbio, mita thelathini mpaka kwenye koni, na kufika katikati kila mwenye macho alishaona. Alikimbia kama mtu ambaye mguu wake mmoja uko mtaroni. Nyonga zilipanda na kushuka. Alipogeuka kwenye koni aliyumba, akashika nyasi kwa mkono, akanyanyuka na kurudi akichechemea, na uso wake ulikuwa umekufa.

Fundi aliitazama daluga moja, akaitazama ya pili. Kipande kilikuwa upande wa kushoto.

Sasa ndiyo mjue habari ya ule uzi. Fundi viatu huishi na viatu vilivyogeuzwa. Kiatu kikiwa kichwa chini, cha kulia huonekana cha kushoto na cha kushoto huonekana cha kulia, na jicho lililofanya kazi hiyo miaka thelathini na moja hugeuza lenyewe bila kuulizwa. Ndiyo maana Fundi hufunga uzi kwanza, kabla hajagusa kitu kingine. Leo daluga zilikuwa zimesimama mezani vizuri kama viatu vya duka, nazo hazina uzi, na jicho lake likazigeuza kwa mazoea. Mguu mrefu ukaongezewa urefu. Mguu mfupi ukaachwa kama ulivyo.

Kosa hilo asingelifanya mtu mwingine yeyote uwanjani pale. Lilihitaji fundi.

Kengele alimfikia akihema. Aliinama kama anayekaza kamba, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilimfika Fundi peke yake.

"Umenifanyia makusudi, Baba. Ungekataa tu."

Fundi alifungua mdomo, lakini Daktari alikuwa ameshafika. Aliomba daluga ya kushoto. Alitia vidole ndani, akaivuta soli, gundi mbichi ikavutika nyuzinyuzi, na kipande kikatoka kwenye mwanga wa mchana. Mwenyekiti alikitazama, akamtazama Daktari, akazitazama karatasi zilizo chini ya jiwe.

"Hiki kimeingiaje humu?" Daktari akauliza.

Msomaji, jiweke mahali pa Fundi. Akisema amekosea mguu, atalazimika kusema alikusudia mguu gani, na kwa nini. Pikipiki itatoka, zahanati itatoka, na Kengele atakuwa mtu aliyevunja mkataba kwa mfupa uliounga ovyo, hatanunuliwa leo wala kesho wala na mtu yeyote. Akinyamaza, watamgeukia Kengele. Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilipita juu ya mgongo wake mwenyewe.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Nimekiweka nikiwa na akili zangu timamu. Sikutaka auzwe. Wakimchukua yeye, wanamchukua na binti yangu, na mimi sina mwingine. Nikasema acha achechemee kidogo, mrudi kwenu."

"Lakini ulinyoosha mkono auzwe," Mwenyekiti akasema.

"Nilinyoosha ili msinishuku."

Fundi hakuthubutu kutazama benchi alikoketi binti yake. Alimtazama Kengele, akaona yule kijana amekunja uso kama anayefanya hesabu, kisha uso ukakunjuka taratibu. Alikuwa ameelewa. Ameelewa kwamba hakukuwa na makusudi yoyote, na ameelewa uongo huo ulisemwa kwa ajili ya nani.

Mwenyekiti hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwamba klabu imemlea Fundi, imemzikia mke, imempa kiti kwenye kamati, naye ameizamisha kwa kipande cha tairi. Akanyoosha kiganja na kuomba funguo za karakana.

Fundi alizitoa mfukoni mwa aproni. Zilikuwa nne, na moja haikufungua mlango wowote tena, aliibeba tu kwa mazoea. Aliziweka juu ya meza ya plastiki, karibu na jiwe. Kocha, aliyetaka kuliko wote Kengele asiuzwe, alisema kwa upole kwamba hata yeye asingeshuka mpaka hapo. Maneno hayo yalimuuma Fundi kuliko kufukuzwa.

"Tumpime upya," Mwenyekiti akamwambia Daktari kwa haraka. "Hiki kimeshatoka. Mtaona tofauti."

Daktari alikuwa anakigeuzageuza kile kipande, anakipapasa kwa dole gumba.

"Mzee," akasema, "umesema umekiweka leo. Na kukitengeneza je?"

"Leo pia. Asubuhi."

"Asubuhi." Alikiinua kwenye jua. "Hapa katikati pameliwa na kisigino. Raba ya tairi hailiwi hivi kwa asubuhi moja. Imekanyagwa miezi mingi, na ukingo uliolika unaonyesha kwamba mguu uliokuwa unaikanyaga ni wa kulia."

Fundi alisema ni kipande cha zamani, alikiokota rafuni. Akasema ni cha mchezaji mwingine aliyekwisha kuondoka. Akasema hakumbuki vizuri. Kila alichosema kilikisaliti alichosema kabla yake, na Daktari alimsikiliza kwa subira, kama anavyosikilizwa mgonjwa.

Kengele aliketi kwenye nyasi.

Alifungua kamba za daluga ya kulia, akaivua. Akavua soksi zote mbili. Kisha akaenda mpaka kwenye sakafu ya saruji karibu na bomba, pale wachezaji wanaponawia, akaugeukia umati mdogo uliokuwepo na kusimama wima kama askari kwenye gwaride.

Kisigino cha kushoto kiligusa saruji. Cha kulia hakikugusa. Mwanga ulipita chini yake, mwembamba, unene wa penseli.

Bomba lilikuwa linadondosha maji, na maji yalipita katikati ya nyayo zake.

"Nilianguka na pikipiki," Kengele akasema. "Baba hakumharibia mtu. Amenibeba mwaka mzima. Mrudishieni funguo zake."

Fundi alilia. Hakuficha, wala hakujifuta. Amekitengeneza kipande ili dunia isiuone mwanga ule, amekosea mguu, amedanganya, amefukuzwa kazi, na mwisho wake kijana mwenyewe amesimama peku mbele ya watu waliokuja kumnunua, ili mkwewe asiitwe msaliti.

Mwenyekiti aliketi kwenye kiti cha plastiki. Alisema neno moja, kwamba wamekwisha. Kesho mkataba utaingia miezi sita, na hata kama wangetaka kumgawa bure, nani angemchukua? Kocha naye alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Miaka mitano ya mguu ule, aliyokuwa ameihesabu asubuhi, ilikuwa imesimama mbele yake na kisigino hewani.

Daktari aliondoa jiwe juu ya karatasi za mauzo. Fundi alidhani anazichana. Badala yake alifungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyokunjwa mara mbili na kuiweka juu yake.

"Barua hii ilinifikia wiki mbili zilizopita," akasema. "Ilinieleza habari ya mguu wa kulia, pikipiki, plasta na kipande cha tairi. Ndiyo maana nilipokikuta upande wa kushoto nilichanganyikiwa. Nilikuja nikijua, Mwenyekiti. Nilitaka kuona kwanza nani hapa atasema kweli bila kusukumwa."

Mwenyekiti hakuwa na nguvu ya kunyoosha mkono. Fundi ndiye aliyekuwa karibu, na Daktari akampa yeye.

Aliifungua kwa vidole vyenye gundi. Hakuhitaji kusoma jina la mwandishi. Wino ulikuwa wa kijani. Herufi zilikuwa za mviringo, na juu kabisa, kwenye tarehe, saba ilikuwa na kamstari katikati.

Aliinua macho kuelekea benchi. Binti yake alikuwa bado ameketi pale na sare yake, mikono juu ya magoti, anamtazama baba yake bila kupepesa. Muuguzi wa wodi ya mifupa, mwaka mzima kitanda kimoja na mguu ule, nao walidhani hajui.

Nyuma yake Fundi alisikia maji yakichuruzika, kisha nyayo zilizolowa, moja nzito na moja nyepesi. Kengele alikuwa amesimama begani kwake, na alikuwa ameutambua mwandiko.

"Aliyeiandika aliniomba jambo moja tu," Daktari akasema. "Liko ukurasa wa pili. Lisomeni wenyewe, mniambie kama nisaini au nisisaini."

Fundi aligeuza karatasi.

"Mimi ni mkewe, ninajua ninachokisema," iliandikwa hapo. "Nawaomba mumnunue. Halafu, kabla hajakanyaga uwanja wenu, mumvunje tena ule mguu, uungwe sawasawa."